Nyavu kujaa sio dalili kwamba samaki wapo

Kuna jambo moja kuhusu bahari linaninyima raha siku hizi, na sio plastiki, plastiki angalau tunaiona ikielea. Ni kwamba samaki wanaweza kuwa wanakwisha na huku nyavu bado zinajaa. Mi siku zote nilijua samaki wakipungua wavuvi watapata kidogo na kila mtu atashtuka, kumbe sivyo kabisa.

Angalia yaliyotokea Newfoundland kule Kanada. Kuna samaki wa maji baridi anaitwa kodi (cod kwa Kiingereza), wamemvua kwa karne na karne mpaka watu wakaamini hawezi kuisha. Kuanzia miaka ya 1950 zikaja meli kubwa za kukokota nyavu, zina mafriza humohumo ndani, zinavua usiku na mchana, mwaka 1968 peke yake wakatoa karibu tani laki 8. Mwaka 1977 Kanada ikasogeza mpaka wake wa uvuvi hadi maili 200 kutoka pwani ikazitoa meli za wageni, halafu badala ya kuwaacha samaki wapumue ikaongeza meli zake yenyewe. Miaka ya 80 wavuvi wa boti ndogo za karibu na pwani wakaanza kulalamika, jamani samaki wanapungua, wanaopatikana ni wadogo, ila nani awasikilize wakati meli kubwa zinarudi zimejaa?

Na hapa ndo penye mtego wenyewe. Kodi wakipungua hawatawanyiki, wanajikusanya pamoja, na meli ina sonari, chombo kinachotumia sauti kutafuta vitu chini ya maji, inaona kundi lilipo, inakwenda moja kwa moja inachota, kwa hiyo mahesabu yanapendeza mpaka karibu na kundi la mwisho. Julai 1992 serikali ikafunga uvuvi, watu kama 30,000 wakakosa kazi, wakaambiwa ni miaka 2 tu. Marufuku hiyo imekuja kuondolewa rasmi 2024. Miaka 32!

Kwa nini wanachelewa kurudi hivyo? Sababu ni nyingi lakini inayoniuma mimi ni ya mama. Jike kubwa la kodi linataga mayai kwa mamilioni, lile dogo linataga machache mno, na nyavu zinaanza na wakubwa. Yani tunakula wazazi halafu tunasubiri watoto. Na kwenye bahari za joto ongeza matumbawe yanayopauka, ndo samaki wachache waliobaki huko wanakosa hata pa kulelea.

Sasa hivi zaidi ya theluthi moja ya makundi ya samaki yanayofuatiliwa duniani yanavuliwa kupita kiasi, na bado serikali nyingi zinasaidia kulipia mafuta ya meli hizohizo. Shirika la Biashara Duniani lilianza mazungumzo ya ruzuku za uvuvi 2001, makubaliano yakapatikana 2022, yakaanza kazi Septemba 2025, na yanakataza ruzuku kwa wanaovua samaki ambao tayari wamevuliwa kupita kiasi. Ile sehemu ya ruzuku zinazofanya meli ziwe nyingi kupita kiasi bado wanajadiliana, na mi naona hiyo ndo ilitakiwa iwe ya kwanza.