Asubuhi Moja na Furukombe wa Naivasha

Tuliondoka Nairobi saa kumi alfajiri, kwa kuwa Ziwa Naivasha liko umbali wa kilomita zipatazo 90, nami nilitaka kuwa majini kabla jua halijachomoza, nimpige picha furukombe, yule tai mla samaki. Ziwa hilo liko karibu na Ikweta, ambako jua hupanda wima kuelekea utosini, na ule mwanga laini wa asubuhi haudumu hata saa nzima.

Nahodha wa mashua alikuwa na samaki wawili ndani ya ndoo, maana watalii wengi huomba furukombe arushiwe samaki ili ashuke mbele ya kamera. Nilimshukuru, nikamweleza kwamba namtaka ndege anayejitafutia riziki. "Basi itabidi tusubiri, dada," alisema, akazima injini katikati ya migunga iliyokufa baada ya ziwa kufurika.

Furukombe ni mtihani kwa mpiga picha. Kichwa na kifua chake ni vyeupe pe, mabawa yake ni meusi, na kamera inayopima mwanga kwa wastani wa fremu nzima, ikiona weusi huo pamoja na giza la mafunjo, huongeza mwanga mpaka kichwa kinageuka doa jeupe lisiloonyesha hata unyoya mmoja. Picha zangu tano za mwanzo ziliharibika hivyo. Nilipopunguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu, kipimo cha mwanga kwenye kamera, manyoya ya shingoni yakaanza kuhesabika.

Nahodha aliizungusha mashua taratibu hadi jua likawa mgongoni mwetu. Nilikuwa nimeketi juu ya kiti, na kila nilipolenga, nyuma ya ndege nilipata maji matupu. Niliposhuka na kuegemeza lenzi kwenye ukingo wa mashua, mafunjo ya ng'ambo yakainuka kama pazia la kijani iliyokolea, pazia ambalo weupe wa ndege huyu unalihitaji sana.

Baada ya dakika arobaini furukombe alichupa. Shata, pazia la kamera linalopitisha mwanga, ilifunguka kwa 1/2500 ya sekunde. Katika fremu ya nne samaki yumo kuchani, matone yanamwagika, mwanga uliodunda kutoka ziwani umeangaza mabawa kwa chini, jichoni mna nukta ya jua, na upande anakoelekea nimemwachia nafasi kubwa kuliko aliyoiacha nyuma.