Juu Kuna Jua

Shemeji kapiga simu jana kutoka Freiburg, Ujerumani. Ukungu umeukalia mji wiki nzima, watu wamenuna, magari yanawasha taa mchana kweupe. Nikamuulizia ule mlima wa nje ya mji, "Na Schauinsland je?" Akacheka tu, maana alijua nakumbuka nini.

Ilikuwa Jumapili ya Novemba. Kaka yuko zamu, shemeji akasema twende sisi wawili, akanipa baiskeli ya kaka. Mimi nimekulia Tanga, na Tanga ni mji wa baiskeli, lakini zile zetu nzito, za keria na gia moja, za barabara tambarare. Tukapita Günterstal, tramu inapoishia, tukaingia msituni. Kilele kiko mita 1,284 kutoka usawa wa bahari, yaani kama mita 1,000 juu ya mji, na barabara yenyewe ni ile iliyokuwa ya mashindano ya magari zamani: kona juu ya kona.

Ukungu ulikuwa mzito hadi nikawa nafuata taa nyekundu ya baiskeli yake tu. Maji yalinidondoka kwenye nyusi. Tulipopita njia ya kwenda kituo cha vigari vya kamba, vinavyopandisha watu huko tangu 1930, niligeuza shingo. Shemeji hakusimama.

"Usishindane na mlima, shemeji. Weka gia nyepesi, pumua. Juu kuna jua."

Sikumwamini. Kwa nini nimwamini, na mita kumi mbele yangu sioni kitu?

Tukapanda, tukapanda. Kisha lile giza la kijivu likaanza kuwa jeupe. Sikulitilia maanani. Weupe ukaingiwa na unjano kidogo. Halafu kwenye lami, kando ya gurudumu la mbele, nikaona mstari mwembamba unakwenda sambamba nami, nikashtuka: kivuli changu. Mabega yangu, usukani, tairi zinazunguka. Kona moja zaidi, misonobari ikapata rangi ya kijani, mgongo ukapata joto, na tukatokea juu ya ukungu, chini ya anga la buluu lisilo na doa.

Nilishuka nikasimama. Bonde lote la mto Rhine halipo, limefunikwa mawingu meupe tambarare, na ng'ambo, upande wa Ufaransa, vilele vya Vosges vimejitokeza kama Pemba unapoikaribia kwa jahazi. Kusini, mstari wa theluji ya Alpi. Shemeji akanieleza kwamba hewa baridi ni nzito, hujilaza bondeni, na ile ya joto iliyo juu yake huizuia isipande. Wazee wamekaa kwenye mabenchi, makoti wameyavua, nyuso wamezielekeza juani. Watu tusiowajua walitusalimia. Kule mjini wangetupita kimya.

Tulikula mkate na jibini karibu na ile miti iliyopindwa na upepo, tukateremka Hofsgrund, Notschrei, Oberried, vidole vimekufa ganzi kwenye breki. Kabla ya Kirchzarten ukungu ukatumeza tena.

Ningependa kusema siku ile ilinifundisha kumwamini mtu aliyekwisha kufika. Labda ilinifundisha. Lakini mwaka uliofuata baba alilazwa Tanga, na mimi niko mbali, simu mkononi, sina la kumwambia. Nikamsimulia mlima wote, tangu Günterstal hadi kile kivuli kwenye lami. Nikamalizia, "Vumilia, baba. Juu kuna jua."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, huko ninakokwenda mimi, wewe umefika lini?"

Sikuwa na jibu. Tukaongea habari za mvua, na za samaki walivyopanda bei.