Siku yangu na mahujaji, Mtwara

Saa 1 asubuhi nafungua friji ya chanjo kabla hata sijaweka mkoba chini. Kipimajoto kinasoma nyuzi 5. Alhamdulillah. Chanjo inatakiwa ikae kati ya 2 na 8, na usiku umeme ulikatika mara mbili.

Mimi ni nesi hapa mjini. Msimu wa Hija ukikaribia, wengi wanadhani kazi yangu ni kugonga muhuri kwenye kadi. Mpaka saa 4 nimechoma sindano za homa ya uti wa mgongo, bega baada ya bega, nikirudia lilelile: uchomwe siku 10 au zaidi kabla ya kufika Saudia.

Saa 4 na nusu akaingia mzee wa Tandahimba na mwanawe. Shikamoo, marahaba. "Nigongee tu, mwanangu, mimi mzima." Sukari? Hana. Presha? Hana. Kijana anatazama sakafu. Jua je? "Jua la mikorosho nimelizoea." Nikamwambia mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50, hapa kwetu hata 40 hatufiki, na mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki. Akanyamaza. Foleni nje inanung'unika. Nikamwomba avue viatu, afumbe macho, aseme kila nikimgusa na pamba.

Kimya. Nikahamia kidole kingine. Kimya. Kisiginoni kulikuwa na mwiba umezama, nyama imevimba pembeni, naye hana habari.

Ndipo akasema. Sukari anayo miaka tisa. Ameuza korosho msimu hadi msimu kuchanga nauli, akaogopa ikiandikwa atazuiwa.

Nikakaa chini, mguu wake mapajani mwangu, nikautoa ule mwiba. Baba, marumaru ya kuzunguka Kaaba yana ubaridi, lakini lami ya nje inaunguza. Makubadhi yakipotea mlangoni, mguu huu utaungua usijue. Yatie mfukoni, uzunguke nayo. Insulini usiiache kwenye begi la chini ya ndege, inaweza kuganda. Ibebe mkononi pamoja na barua ya daktari. Kichwa hufuniki ukiwa kwenye ihramu, ila mwavuli ruksa. Safari saba kati ya Safa na Marwa peke yake ni kama kilomita 3, kwa hiyo kidonda kikipona uanze mazoezi ya kutembea. Nikamshika mkono mpaka chumba cha daktari.

Chakula cha mchana sikumbuki nilikula saa ngapi. Miguu inawaka, waliobaki niliwahudumia mmoja mmoja mpaka jua likazama.

Nafunga mlango, yule kijana amerudi. "Dada, na mama anakwenda. Naye alisema mzima."

"Mlete kesho. Aje na viatu atakavyosafiri navyo."