Karafuu mashavuni

Nyumbani kwangu anayepaka Old Spice ni mimi peke yangu, na nimechekwa mpaka nimezoea. Binti yangu anaiita marashi ya mababu. Mdogo wake, ambaye ndevu zake bado unaweza kuzihesabu bila miwani, ana kopo lake la kupulizia lenye harufu ya peremende iliyoangukia kwenye sabuni. Akilipuliza asubuhi, ukumbi mzima tunakohoa, na bado ni yeye aliyejipa kazi ya kunifunza kunukia. Mama yao hasemi kitu. Yeye nimeshamfuma akinusa taulo langu, kwa hiyo namhesabu upande wangu.

Leo nataka nijitetee kidogo, maana naona watu wanaihukumu losheni hii kwa umri wa wanaoipaka badala ya kuinusa.

Ninayoisema ni ile ya asili, ya kupaka baada ya kunyoa: chupa nyeupe isiyoonyesha kilichomo, shingo nyembamba, maandishi mekundu na merikebu ya matanga. Msiichanganye na zile deodoranti za vijiti na makopo zenye jina hilohilo, ambazo nyingi harufu zake hazihusiani na hii hata kwa ujomba. Yangu naipata Kariakoo kwenye duka la vipodozi, chupa ya kioo, imetengenezwa India. Za Marekani siku hizi hutiwa kwenye plastiki. Wapenzi wa vitu vya kunyolea huko ng'ambo wanaihangaikia sana hiyo ya India, kwa kuwa wanaiona imebaki karibu zaidi na ya zamani. Mara moja moja na sisi wa Bahari ya Hindi tunajikuta tunakaa jirani na duka.

Mie ndevu nanyoa mwenyewe, kwa wembe na brashi, Ijumaa asubuhi na siku nyingine nikijisikia. Mashavu na shingo, kidevu nakiacha. Nikimaliza naosha kwa maji baridi, nakausha kwa kubonyezabonyeza taulo, kisha naitikisia kiganjani. Tundu la chupa limebanwa makusudi, kwa hiyo haimwagiki, inatoka kwa matone, na ukiwa na haraka inakukomesha. Kikipatikana kiasi cha kijiko kidogo nasugua viganja, naanza na shingo, namalizia mashavu. Hapo ndipo unapovuta pumzi kwa meno.

Mchomo ule wengine hudhani ngozi inaungua, wengine husema ni dawa inafanya kazi. Ukweli wake unachekesha zaidi. Ngozini mna vipokezi vya joto, vilevile vinavyopiga kelele ukitafuna pilipili. Kwa kawaida huamka joto likifika nyuzi 42 hivi. Pombe iliyomo kwenye losheni hukishusha kiwango hicho mpaka kwenye nyuzi 34 hivi, na damu yako iko juu ya hapo usiku na mchana. Kwa hiyo kinachokuchoma pale si chupa, ni joto lako mwenyewe, ambalo siku zote ulikuwa nalo na hukulisikia. Sekunde chache baadaye pombe inaruka, inaondoka na joto, uso unapoa. Kwa Dar ya mwezi wa pili, ubaridi ule peke yake ungetosha kuwa sababu ya kununua.

Halafu harufu. Limau na chungwa vinapita mbio pamoja na spiriti yenyewe, hujawahi hata kuvisalimia. Nyuma yake kuna utamu fulani wa anisi. Kisha inakuja karafuu. Haiji peke yake, mdalasini upo, kungumanga ipo, na ukiwa mtulivu unaweza kuvitenga kimoja kimoja. Lakini mtu aliyekulia Pemba pua yake haina subira hiyo, inakwenda moja kwa moja kwenye karafuu na kukaa.

Na si karafuu ya kwenye pilau ninayoisema. Hiyo imeshapikwa, imelegea. Hii ni ya jamvini. Msimu ukiingia kwetu Wete, na njia nzima ya kwenda Chake, majamvi yanatandikwa mbele ya nyumba mpaka ukingoni mwa barabara, na magunia ya vishada yanaletwa jioni ili vichambuliwe usiku. Kuchambua ilikuwa kazi yetu watoto, pamoja na bibi zetu. Unashika kishada, unakisokota juu ya kiganja, karafuu zinadondoka upande mmoja, makonyo unayatupa upande wa pili. Ukifika pishi ya pili kiganja kimeshageuka rangi, na kidole gumba ukikiuma husikii. Ganzi tupu. Ganzi hiyo ni ya eugenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, na ndiyo hiyohiyo daktari wa meno anayokutilia kwenye jino bovu. Kuna mwenzangu kazini husema nikimpita nanuka kliniki ya meno. Hakukosea, amekosa adabu tu.

Tena eugenoli imo humo kwa milango miwili. Mbali na karafuu yenyewe, Old Spice ina harufu ya ua la karnesheni, lile ambalo Wazungu hulichomeka kwenye koti la bwana harusi. Ua hilo kwa asili lina uturi wa karafuu ndani yake, na watengeneza manukato wakitaka kuliiga huanzia na eugenoli. Kwa hiyo hata pale pua inapodhani imehamia bustanini, bado iko jamvini.

Sasa itazame ile merikebu.

Kampuni iliyoianzisha ni Shulton ya New York, ya bwana mmoja William Lightfoot Schultz. Old Spice ya kwanza, 1937, ilikuwa ya wanawake. Ya wanaume ikafuata 1938. Schultz alitaka bidhaa zake ziwe na sura ya Marekani ya kale, ya enzi za matanga, kwa hiyo chupani zikachorwa meli zilizokuwepo kweli. Mbili za mwanzo ni Grand Turk na Friendship, na zote mbili ni za bandari moja: Salem, Massachusetts.

Mzanzibari akisikia Salem inabidi akae vizuri. Hao ndio waliokuwa wateja wetu. Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na balozi mdogo wao wa kwanza aliyefika Unguja mwaka 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem. Meli za Salem zilishusha vitambaa vya pamba, ile marekani iliyovaliwa kutoka forodhani mpaka Ujiji, zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Mwaka 1840 Sayyid Said naye akapeleka meli yake Sultana hadi New York, na magunia ya karafuu yalikuwemo. Biashara hiyo iliyumba Wamarekani walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe mwaka 1861 na pamba yao ikaadimika. Lakini hesabu mwenyewe: tangu Waters ashuke Unguja hadi Schultz atoe chupa yake ya kwanza ni miaka 100. Mtu anakaa New York, anataka kuuza harufu ya viungo, anatafuta mchoro wa kuweka juu, na katika bandari zote za Marekani anaangukia meli za mji ule ambao wafanyabiashara wake walikuwa wakipima karafuu Unguja. Wachoraji wake walikuwa wanatafuta pambo tu. Mie nikiishika chupa naona hati ya mizigo.

Sidai kwamba karafuu ya chupani mwangu ilichumwa kwetu. Eugenoli haina pasipoti. Indonesia wanaitoa, Madagaska wanaitoa, na Pemba tunaitoa pale Wawi, kwenye kile kiwanda cha mafuta ya makonyo karibu na Chake. Hata sifa ya Pemba yenyewe ina historia yake: meli za Salem zilipokuwa zinakuja, mashamba makubwa yalikuwa bado Unguja, mpaka kimbunga cha 1872 kilipoilaza mikarafuu ya huko na sisi tukabaki na miti. Watu wa Unguja hawapendi kukumbushwa.

Turudi usoni. Nusu saa hivi baada ya kupaka, ukali unakwisha na inabaki sehemu ambayo ndiyo inayonipa lawama: vanila, ubani kwa mbali, na unga unga fulani wa poda. Hapo ndipo wanangu wanaposema babu. Ni kweli, ndiyo harufu iliyokuwa ikitoka kwenye kola ya ami yangu, aliyekuwa karani, kioo chake cha kunyolea amekitundika kwenye msumari uani na kila mtoto aliyepita alitakiwa aseme shikamoo bila kumtikisa mkono. Lakini sipaki kwa ajili ya ami. Ninaipenda poda ile kwa kuwa haina haraka ya kumwambia mtu wa siti ya nyuma kwenye daladala kwamba nimo. Anayetaka kuinusa inabidi awe amenisogelea, na wanaoruhusiwa kunisogelea wanajulikana.

Na Adhuhuri ikifika haipo. Wengi wanaiona hiyo kasoro, mie naiona sifa. Udi nikitaka ninao, ukiingia kwenye kanzu unakaa mpaka uifue. Hizi pafyumu za Dubai ambazo kila kijana anazo sasa zinakutangulia sokoni na zinabaki sokoni ukishaondoka. Losheni ya kunyolea kazi yake ni asubuhi. Ikishakufikisha kazini ikae kimya.

Suala la spiriti nalo kwetu huwezi kulikwepa. Masheikh wamehitilafiana. Wapo wanaoona pombe yoyote ni najisi na marashi yake hayafai kuswalia, wapo wanaosema iliyoko kwenye manukato si ya kunywewa na hukumu yake si ya mvinyo. Mie nimeshika kauli ya pili, na anayeshika ya kwanza simbishii, mafuta ya attari yapo na yananukia vizuri. Ila nitasema hili: mzee mmoja pale barazani aliyenisomea kauli ya kwanza kutoka mwanzo hadi mwisho, alipomaliza aliniuliza inauzwa duka gani.

Kuna na hadithi nyingine za vinyozini ambazo hazina ukweli. Haizibi vinyweleo; vinyweleo havina milango. Wala haizuii vipele. Vipele vya ndevu kwa watu wenye nywele za kipilipili huja pale unywele uliokatwa unapojikunja na kurudi kuchoma ngozi, na hilo spiriti hailijui. Inasafisha tu. Kinachosaidia ni wembe mkali, kunyoa kwa kufuata unywele ulivyolala, na kuacha kuivuta ngozi ili unyoe chini zaidi. Wenye ngozi kavu wasubiri ikauke kwanza, kisha wapitishe tone la mafuta ya nazi. Nimewahi kuambiwa nazi inaua harufu. Haiui, inaituliza, na karafuu na nazi hazijawahi kugombana.

Kinyozi ninayemwendea Ilala kwa kichwa ana chupa ya spiriti ya dukani, ile ya rangi, anaipaka kila shingo inayopita. Nikamwambia aweke Old Spice hata chupa moja kwa ajili ya wateja wenye umri wao. "Mzee," akasema, "si inachoma vilevile?" Nikakosa la kumjibu, kwa sababu inachoma vilevile.

Wanaouliza kuhusu ndugu zake: India wanatoa pia ya ndimu na ya miski. Ya ndimu inafaa kwa joto la Machi, ingawa inakata kabla hujafunga vifungo vya shati. Ya miski niliinunua kwa udadisi, nikaipaka asubuhi moja, na binti yangu akaisifu. Iko kabatini, imejaa. Shemeji akija kutoka Tanga ataipata.