Kundi lisilogombana huwa linanitia mashaka

Kuna sifa moja watu wanapenda kujipa wakiongelea kundi lao, iwe kamati, timu ya kazini, chama, chochote kile, utasikia "sisi bwana hatugombanagi". Mimi nikisikia hivyo ndo kwanza naanza kuwa na mashaka, maana mara nyingi ugomvi upo palepale, ila umehamia inbox.

We angalia grupu lolote la wasap siku ya maamuzi. Admini anatupia pendekezo refu saa nne usiku, chini anamalizia na "nadhani hapa tuko pamoja", baada ya dakika mbili kinaingia kidole gumba cha kwanza, halafu vinashuka vidole mfululizo, mmoja anaandika "sawa kabisa kiongozi", basi imepita hiyo. Wakati huohuo wanne kati ya waliogonga vidole wako pembeni wanatumiana voisi, "hivi huyu jamaa kashauriana na nani?" Grupuni amani, pembeni moto unawaka.

Wataalamu wa tabia za makundi walishaligusa hili zamani tu. Solomon Asch, Marekani, miaka ya 1950, alikuwa anawaonyesha watu mstari mmoja halafu mingine mitatu, sema upi unalingana na ule wa kwanza, yaani swali la mtoto. Ujanja ni kwamba chumba kizima kilikuwa kimepangwa kudanganya isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja anajibu karibu mwisho kabisa. Kwenye zile raundi ambazo wenzake walidanganya, karibu theluthi moja ya majibu yalifuata mkumbo. Watu huwa wanainukuu hiyo theluthi wanaishia hapo, mimi naona utamu uko mbele: akiwekwa mtu mwingine mmoja tu wa kusema ukweli, kufuata mkumbo kunashuka sana, na yule mtu akiruhusiwa kuandika jibu lake bila wenzake kuliona, kunashuka pia. Kwa hiyo wengi macho yao yalikuwa yanaona vizuri tu, kilichowashinda ni kufungua mdomo peke yao mbele ya watu. Ndo maana wale wanne wako pembeni, kule hakuna wa kuwakodolea macho.

Sasa mtu atasema si bora hiyo amani, mambo yanaenda. Yanaenda wapi lakini? Mwaka 1985 Garold Stasser na William Titus waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuchagua mgombea, kila mmoja kwenye kikundi akapewa taarifa nusunusu, na sifa nzuri za mgombea bora zikasambazwa, huyu anajua hili, yule anajua lile. Wangemwaga zote mezani wangemwona wazi kwamba huyu ndo anafaa, tena wale waliopewa taarifa zote tangu mwanzo wengi wao walimchagua. Waliogawiwa vipande wengi walimkosa, kwa sababu muda wao uliishia kwenye yale ambayo kila mtu alikuwa anayajua tayari. Na kiukweli ndivyo vikao vinavyoenda, ukisema kitu ambacho wote wanakijua vichwa vinatikisika, unaonekana mtu makini, ukisema kitu unachokijua peke yako kinadondoka chini hakuna wa kukiokota. Nimekaa vikao vya hivi hadi nimechoka, masaa mawili watu wanapangana namna ya kugawa mzigo ukifika, na kijana anayeongeaga na msambazaji kila siku kakaa kwenye kona anajua kabisa kwamba mzigo hauji, ila hakuna aliyemuuliza na yeye ni mgeni, aanzie wapi.

Tukija kwenye mshikamano, huu unasifiwa kupita kiasi. Stanley Seashore mwaka 1954 aliangalia vikundi zaidi ya 200 kwenye kampuni inayotengeneza mashine nzito, akakuta kwamba kwenye vikundi vilivyoshikana sana watu wanazalisha viwango vinavyofanana. Basi. Kufanana kwenyewe kunaweza kuwa juu au chini. Kama kikundi kinaona kampuni iko upande wao, wanapanda wote, kama hawaiamini wanashuka wote, na wanashuka kwa umoja kabisa. Yaani mshikamano unaweza ukawa ndo unaolinda kutegea, akija mtu anachapa kazi anaambiwa taratibu kaka, unatuharibia. Bosi akiona watu wanacheka pamoja na kula pamoja anadhani timu ipo, kumbe wameshikana dhidi yake.

Na hapo kwenye kula pamoja. Muzafer Sherif mwaka 1954 alichukua wavulana 22 kambini Oklahoma, akawagawa makundi mawili, akawashindanisha, zikachomwa bendera, vibanda vikavamiwa, na kadiri uhasama na wenzao ulivyokua ndivyo kila kundi lilivyozidi kushikana ndani. Halafu wakajaribu kuwapatanisha kwa kuwakutanisha tu, wale pamoja, waangalie filamu, matokeo yake wakarushiana chakula. Kilichosaidia ni matatizo yasiyotatulika na upande mmoja, maji ya kambi kukatika, gari la chakula kugoma kuwaka, wakalivuta wote kwa kamba ileile waliyokuwa wanashindania kuvutana. Sijui kwa nini kila kundi likikorofishana mtu anapendekeza tuandae hafla.

Kuna na wale wa "tulieni, hii ni hatua tu", wanamaanisha Bruce Tuckman, 1965, kundi linaundwa, linavurugana, linawekeana taratibu, ndo linachapa kazi. Inapendeza kwenye slaidi. Ila Tuckman alikuwa anakusanya tafiti za wengine, nyingi zikiwa za makundi ya tiba, na makundi niliyoyaona mimi yanarudi kuvurugana kila akiingia mtu mpya au ikiingia hela.

Kwenye ugomvi wenyewe, wengi tulifundishwa kuna ugomvi wa kazi na ugomvi wa watu, wa kazi mzuri wa watu mbaya, fulu stop. Karen Jehn ndo aliyeusimamia sana huo mgawanyo miaka ya 1990. Mwaka 2003 Carsten De Dreu na Laurie Weingart wakajumlisha tafiti zilizokuwepo wakakuta aina zote mbili za ugomvi zinaendana na matokeo mabovu. Jehn na wenzake wakarudi 2012 na tafiti nyingi zaidi, wakaona ubishi wa kazi unaweza kuwa na faida hasa pale ambapo haujachanganyika na ule wa watu. Na kuchanganyika ni chapu sana, unasema "hii bajeti haijakaa sawa", mwenzako anasikia "wewe mwizi".

Wakati wa kuamua uvamizi wa Cuba, Aprili 1961, ule ulioishia kushindwa, baadhi ya washauri wa rais wa Marekani, Kennedy, walikuwa na mashaka, mmoja wao, Arthur Schlesinger, baadaye akajilaumu kwa kukaa kimya kwenye vile vikao. Mwanasaikolojia Irving Janis akaja kuufanya uamuzi huo mfano wake mkubwa wa kundi linalopenda kuelewana kuliko kufikiri. Ila Oktoba 1962, kwenye mgogoro wa makombora ya Urusi huko Cuba, Kennedy huyohuyo alikuwa anajitoa makusudi kwenye baadhi ya vikao ili watu wabishane bila kumwangalia usoni. Janis akashauri pia kikao cha pili baada ya kukubaliana, kila mtu aje na mashaka yaliyobaki, na hicho ni kigumu kukiitisha maana watu wanakuwa wameshachoka na wengine wameshaanza utekelezaji. Mimi ningeanza na kiongozi kuongea mwisho, hakuna gharama yoyote na inawezekana hata kwenye kikao cha kesho.