Halmashauri Tatu, Uzio Mmoja: Tulivyoandaa Nane Nane Bila Kusubiri Agizo

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mratibu wa maonesho ya kilimo ya Nane Nane katika halmashauri moja ya wilaya mkoani Njombe, na kila msimu wa maandalizi ulipofika nilipakia mbegu, mbolea, majembe, godoro na vibarua wawili kwenye gari la idara, nikashika barabara ya Makambako kupitia Igawa na Chimala hadi Uyole, kwenye viwanja vya John Mwakangale. Huko halmashauri za mikoa ya Nyanda za Juu Kusini zina maeneo yao ya mabanda na vipando, yaani vishamba vya mazao ya kuoneshwa wageni, nasi tulikuwa na letu. Hatua chache tu kutoka kwetu, halmashauri jirani ilikuwa imekwisha kushusha godoro lake, vibarua wake na mpira wake wa maji, na upande wa pili halmashauri ya mji nayo ilikuwa imefanya vilevile. Tulitoka mkoa mmoja, tulilima viazi, mahindi na parachichi zilezile, na usiku walinzi watatu wa halmashauri tatu waliota moto mmoja huku kila mmoja akilinda kabichi za bwana wake.

Asiyewahi kuandaa maonesho haya anaweza kudhani kwamba kazi huanza tarehe 1 Agosti, mabanda yanapofunguliwa, na kuisha tarehe 8. Ukweli ni kwamba wiki ile moja hubebwa na miezi minne ya kupanda, kumwagilia katikati ya kiangazi, kupalilia na kulinda, kwa sababu mgeni anataka kuona zao likiwa limesimama shambani na si picha yake ukutani. Hapo ndipo penye tabu ya fedha. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni na mpya huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo nusu ya gharama za Nane Nane huangukia mwisho wa mwaka ambao kasma zake, yaani mafungu ya bajeti, zimekauka, na nusu nyingine huangukia mwanzo wa mwaka ambao makusanyo yake hayajaingia. Kwa halmashauri za vijijini kama yetu, ambazo hutegemea sana ushuru wa mazao, hali ilizidi kubana baada ya mwaka 2017, pale ushuru huo uliposhushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu aliyostahili, lakini mratibu wa maonesho alibaki akihesabu lita za dizeli.

Jaribio letu la kwanza la kushirikiana lilikuwa mwaka 2021, na lilishindikana kwa namna ambayo sasa naiona ilikuwa ya kutarajiwa. Tulikutana maafisa watatu palepale viwanjani mwezi Mei, tukakubaliana kwa maneno kwamba wenzetu wa mji watanunua tangi la maji na kumlipa mlinzi mmoja wa eneo lote, sisi tutatoa lori, na halmashauri ya tatu itagharamia chakula cha vibarua. Tulishikana mikono, tukacheka, kila mtu akarudi kwake. Niliporudi ofisini mhasibu wetu aliniuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: fedha ya halmashauri hii inalipaje mafuta ya kubeba mzigo wa halmashauri ile, na mkaguzi akija nitamwonesha nini? Wenzangu nao waliulizwa yaleyale huko kwao. Tangi halikununuliwa. Mlinzi, ambaye kwa wiki tano hakulipwa na yeyote kwa kuwa kila mmoja alidhani amelipwa na mwenzake, alianza kupenda komoni, pombe ya kienyeji, kuliko kabichi zetu, na usiku mmoja mbuzi waliingia wakala robo ya kipando cha jirani. Nilimlipa yule mlinzi sehemu ya ujira wake kutoka mfukoni mwangu, nikamwomba radhi, na nikaapa kwamba sitarudia kuanzisha jambo la serikali kwa kushikana mikono.

Aliyenifungua macho alikuwa diwani mmoja mzee wa kata ya pembezoni, mtu aliyewahi kuwa karani enzi za ujana wake. Nilikwenda kumsalimia na kumweleza yaliyotokea, naye baada ya kuitikia "kamwene", salamu ya huku kwetu, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kijana wangu, ninyi mmezoea kutazama juu. Shingo zenu hazigeuki pembeni." Akanikumbusha kwamba mwaka 1972, ulipoletwa mpango wa madaraka mikoani, mabaraza yaliyochaguliwa na wananchi yalifutwa na maamuzi yakahamia kwa watendaji wa mkoa na wilaya, kwamba sheria za kuyarejesha zilitungwa mwaka 1982 na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984, na kwamba kizazi kizima cha watumishi kilikuwa kimekwisha kujifunza kwamba jambo halali ni lile lililoshuka kutoka juu. Ibara za 145 na 146 za Katiba zinasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, nami nilikuwa nimezikariri kwa ajili ya usaili wa kazi. Sikuwahi kufikiri kwamba zinanihusu mimi na jirani yangu wa Uyole.

Kwa hiyo safari ya pili ilianza Novemba 2021, wakati halmashauri zinaanza kuandaa makisio ya mwaka unaofuata. Nilimwandikia mkurugenzi wangu dokezo la kurasa mbili nikiomba tuzialike halmashauri jirani mbili kwenye kikao cha wataalamu. Mkurugenzi alilisoma, akaniita, na swali lake la kwanza likawa, "Nani ametuagiza?" Nilijibu kwamba hakuna aliyetuagiza. Alinyamaza kidogo. Kisha mwanasheria wetu, ambaye namshukuru hadi leo, akaeleza kwamba Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ya mamlaka za wilaya na Sheria Na. 8 ya mwaka huohuo ya mamlaka za miji zinaziruhusu mamlaka mbili au zaidi kuunda kamati ya pamoja kwa jambo linalozihusu zote, na kwamba kwa mkoa tunachohitaji ni kutoa taarifa. Barua iliyokwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa iliandikwa "kwa taarifa" na si "kwa kibali", na naweza kusema kwamba maneno yale mawili yalijadiliwa kwa muda mrefu kuliko bajeti yenyewe. Mkoa haukukataa. Ulitupa hata mtaalamu mmoja wa kutushauri, jambo ambalo ndilo hasa sekretarieti za mikoa ziliundwa kulifanya kwa sheria ya mwaka 1997.

Kikao chenyewe kilikuwa kigumu. Wilaya za huku kwetu zimemegwa mara nyingi, na mkoa wenyewe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, kama Songwe ulivyotoka Mbeya mwaka 2016. Kila mmego huacha kumbukumbu ya nani alichukua gari zuri na nani aliachiwa deni. Wenzetu wa mji, wenye stendi na soko, walihofu kwamba tumewaita ili walipe. Sisi wa wilaya tulihofu kwamba mji, usio na mashamba mengi, utajipamba kwa viazi vyetu. Tena hofu hizo hazikuwa za kipuuzi, kwa sababu mwisho wa maonesho hutolewa vikombe na vyeti kwa halmashauri zilizofanya vizuri, kwa hiyo yule unayemwomba ashirikiane nawe ndiye huyohuyo unayetaka kumshinda tarehe 8.

Tulitoka kwenye mkwamo huo kwa kutenganisha mambo mawili. Kila kinachoonekana na mgeni, yaani banda, vipando, bidhaa na wakulima wanaoeleza kazi zao, kilibaki mali ya kila halmashauri na kwa jina lake. Kila kisichoonekana, yaani maji, ulinzi, usafiri, mahali pa kulala, jiko na choo, kilikuwa cha pamoja. Na hapa ndipo nilipotumia funzo la mhasibu wetu: hatukuchanga fedha. Tuliorodhesha mahitaji yote ya nyuma ya pazia, tukayagawa katika mafungu matatu yenye gharama zinazokaribiana, na kila halmashauri ikachukua fungu zima, ikaliingiza kwenye makisio yake, ikafanya manunuzi yake kama taasisi nunuzi inayojitegemea na ikatunza stakabadhi zake. Mji ulichukua tangi, pampu na mlinzi. Sisi tulichukua lori na mafuta yake kwa safari zote. Halmashauri ya tatu ilichukua vibarua wa kumwagilia na jiko. Hakuna hata shilingi moja iliyovuka mpaka, na mkaguzi alipokuja baadaye alikuta katika kila ofisi faili moja lililokamilika lenye nakala ya makubaliano yaleyale ya kurasa tatu.

Makubaliano hayo yalipita kwenye vikao vyote: timu ya menejimenti, kamati ya fedha, uongozi na mipango, kisha Baraza la Madiwani, mara tatu, katika halmashauri tatu zenye kalenda tofauti. Kazi hiyo ilichukua hadi mwishoni mwa Februari. Gharama za Aprili hadi Juni, ambazo makisio mapya hayakuweza kuzigusa, tulizipatia nafasi kwenye mapitio ya bajeti ya nusu mwaka, na kama ningeanza Januari badala ya Novemba tungechelewa. Mtu akiniuliza leo ni lipi lililofanikisha jambo letu, sitataja moyo wa ushirikiano, kwa kuwa moyo tulikuwa nao hata mwaka wa mbuzi.

Mwaka huo wa 2022 maadhimisho ya kitaifa yaliletwa Mbeya, na Rais Samia Suluhu Hassan ndiye aliyekuwa mgeni rasmi tarehe 8 Agosti, siku aliyozindua mpango wa mbolea ya ruzuku. Kwetu habari hiyo ilimaanisha kwamba nyumba za wageni za Uyole na Igawilo zingejaa na bei zingepanda. Kwa kuwa tulikuwa watatu, tulipanga nyumba moja kubwa mapema kwa ajili ya wakulima wetu wote, nao walilala humo wakibishana kila usiku kuhusu viazi vya nani ni vikubwa.

Lakini mtihani wa kweli ulikuwa umekwisha kuja mwezi Juni, bila mgeni rasmi. Uyole ni mahali pa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri moja msimamizi wa vibarua wa pamoja alinipigia simu akisema nyasi nje ya uzio zimekuwa nyeupe. Ilikuwa sakitu, adui ambaye kila mkulima wa viazi wa nyanda hizi anamjua. Viazi vilivyopata sakitu hugeuka vyeusi jua likishawaka, kana kwamba vimemwagiwa maji ya moto, na dawa pekee ya haraka tuliyokuwa nayo ilikuwa kuvimwagilia kabla jua halijapanda ili barafu iyeyuke taratibu. Mwaka uliotangulia kila halmashauri ingekuwa na vibarua wawili na ndoo. Safari hii walikuwepo watu sita, tangi limejaa tangu jioni, na pampu. Walianza na kipando kilichokuwa bondeni zaidi, ambacho hakikuwa chetu. Nilikuwa mamia ya kilomita mbali nikisikiliza maji kwenye simu, na nakiri kwamba kwa dakika kadhaa nilitamani waanze na chetu. Asubuhi ile tulipoteza mistari minne ya viazi vyetu, jirani akapoteza miwili, na vipando vya mji, vilivyokuwa juu kwenye mteremko, havikuguswa. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu makubaliano yalisema wazi kwamba panapotokea dharura msimamizi ataanza na penye hatari zaidi, bila kujali ni pa nani.

Mambo mengine yalikwisha kirahisi. Ubishi kuhusu jina la nani litangulie kwenye bango la lango la pamoja ulitatuliwa na dereva wa lori, aliyesema majina yapangwe kama mtu anavyokutana na halmashauri hizo akisafiri kuelekea Mbeya, na kwa kuwa barabara haina upendeleo, wote walinyamaza. Kikundi chetu cha ngoma za Kibena kilicheza mbele ya mabanda yote matatu kwa zamu. Kikombe tulikikosa, lakini mmoja wa majirani zetu alirudi na cheti, na lori lililokipeleka nyumbani lilikuwa letu.

Novemba iliyofuata nilikuwa bado sijaandika dokezo la mwaka mpya nilipopokea barua yenye nembo ya halmashauri ya mji. "Yah: Kikao cha Maandalizi ya Vipando vya Pamoja." Mahali palikuwa ukumbi wao, tarehe ilikuwa imepangwa, chai ingekuwepo, na chini kabisa, baada ya sahihi, mkoa uliwekwa kwenye nakala, kwa taarifa.