Nimerudi Sikonge, pori hakuna

Mwangaluka ndugu zangu. Nilikuwa Muheza miaka mingi, kule milimani Amani, sasa nimerudi nyumbani Sikonge, Tabora, na kilichonikata maini ni pori. Mliokulia huku mnajua, ukitoka tu nyuma ya nyumba ushaingia kwenye miti ya mitundu na miyombo, masika unaokota uyoga mpaka kapu linajaa. Saa hizi visiki vitupu, na kila shamba lina bani la kukaushia tumbaku na kuni zimepangwa kimo cha mtu, nimezishika kwa mkono wangu, zingine ni mninga kabisa! Mti wa kuchongea kitanda unachomwa ili majani yakauke. Roho imeniuma jamani, siku ya kwanza sikula.

Nikamuuliza baba mdogo, akanijibu "mwanangu, mti uliosimama haulipi ada."

Ndo nikamsimulia vipepeo. Amani walianza mradi wa kufuga vipepeo 2003, unakamata jike msituni unamweka kwenye kizimba cha neti pamoja na miche ya mti anaoupenda, anataga, viwavi wanakula, na kila aina ina mti wake huwezi kumdanganya na jani lingine, halafu kiwavi anajigeuza pupa, ananing'inia hapo kimya kama jani bichi. Hapo ni haraka, pupa zisafirishwe kabla hazijapasuka, zilikuwa zinaenda kwenye maonyesho Ulaya na Marekani. Msitu ukiisha hupati jike wala miche, kwa hiyo mfugaji mwenyewe ndo anakuwa mkali kwa wenye mashoka, na sehemu ya mauzo ilikuwa inaingia kijijini. Mti uliosimama ulilipa ada, nimeona.

Ila 2016 serikali ikazuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, vipepeo nao wakaingia humohumo, wafugaji wakaumia sana. Ndo maana siwaambii tufuge vipepeo Tabora, soko lote likiwa ng'ambo mlango ukifungwa umekwisha.

Sisi tuna nyuki! Asali yetu inaliwa hapahapa mpaka Dar, na nyuki anataka hiyohiyo mitundu ichanue. Ila mizinga ya magome tuiache, ukimbandua muyombo gome kuzunguka shina umeshauua. Tutumie ya mbao, na tuitundike mbali na tumbaku inayopuliziwa dawa.

Baba mdogo kanipa kipande cha pori kilichobaki kule bondeni, hajaridhika lakini kanipa. Anayemjua fundi mzuri wa mizinga hapa Sikonge anielekeze, nataka kuanza kabla ya mvua.